Siku Sita Uwandani, Kaskazi ya 2017

Jumamosi, Februari 11. Kizimbani

Kwa miaka yote niliyosomesha biolojia skuli, somo la viumbe wa jangwani lilikuwa likinitia haya kidogo. Nilichora ngamia ubaoni, nikachora mpungate, nikataja Sahara na Kalahari, na watoto walioketi mbele yangu, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona jangwa, waliandika katika madaftari yao kwamba mahali pakavu ni mahali pa mchanga ulio mbali. Baadhi yao walitoka Makunduchi na Muyuni, ambako bibi zao walikuwa wakiteka maji mapangoni, na mimi sikuwahi kuwauliza lolote. Sasa nimestaafu, mpwa wangu anasomea ualimu wa somo hilo hilo, na vuli imepita bila ya mvua ya maana. Tumekubaliana kuzunguka siku sita, kutoka kwenye udongo mwekundu wa magharibi ya Unguja hadi pwani ya mashariki, tukitazama jambo moja tu: kiumbe anapata wapi maji, na anayazuiaje yasimtoke.

Mpwa wangu amepiga mistari katika daftari lake na kufanya safu tatu: jina, anapata wapi, anazuiaje. Nilimwongezea ya nne: analipa nini. Aliniuliza kwa nini, nami nikamwambia asubiri mpaka tuifikie mivanila.

Tumeanzia Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo, mahali ambapo mtu hawezi kufikiria ukame hata kidogo. Udongo ni kinongo, ule mwekundu wenye kina, na mikarafuu na midalasini imesimama kijani hata katika jua hili la kaskazi. Lakini mzee aliyetupokea, ambaye ni shemeji yake marehemu kaka yangu, anayo mivanila iliyopanda juu ya miti mingine, chini yake kuna mstari wa mananasi, na kando ya kisima kuna ule mmea wa majani manene ambao jani lake likianguka huota miche midogo kwenye kingo zake. Mimea hii mitatu haina udugu wa karibu, ila inashirikiana tabia moja, ambayo ndiyo tabia ya mipungate na ya mimea mingi ya jangwani: hufungua vitundu vya majani yake usiku na kuvifunga mchana.

Kila mmea huhitaji hewa ukaa ili utengeneze chakula chake kwa mwanga wa jua, na hewa hiyo huingia kwa vitundu vidogo ambavyo wanafunzi huviita stomata. Tatizo ni kwamba kitundu kinachoingiza hewa ndicho kinachotoa maji, na mchana wa joto na upepo mmea wa kawaida hupoteza maji mengi sana kwa kila chembe ya hewa unayoipata. Mvanila na mnanasi hungoja giza. Usiku hewa imepoa na ina unyevu, kwa hiyo vitundu vikifunguliwa maji yanayotoka ni machache. Hewa ukaa inayoingia hugeuzwa kuwa asidi na kuwekwa akiba ndani ya jani mpaka asubuhi, na mchana, milango yote ikiwa imefungwa, mmea huitoa hewa ile kutoka kwenye asidi na kuitumia. Mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, aliyekuwa akiishi India, aliligundua jambo hili kwa ulimi wake, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1815: jani la ule mmea wa kisimani lilikuwa kali alfajiri, na kufikia mchana halikuwa na ladha. Tulitafuna jani moja alasiri hii. Kweli, lilikuwa kama karatasi iliyoloa.

Malipo yake ni muda. Ghala la asidi lina kiwango chake, na likimalizika mchana, kazi ya siku nayo imekwisha, hata kama jua bado linawaka. Ndiyo maana mkulima wa mananasi husubiri mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi, kabla ya kuvuna tunda la kwanza. Mpwa wangu aliandika "muda" katika safu ya nne, akapiga mstari chini yake. Wanaowatembeza watalii hapa huieleza vanila kwa harufu yake tu, nami siwalaumu, kwa kuwa tabia za usiku hazinunuliwi.

Jumapili, Februari 12. Unguja Ukuu hadi Uzi

Baada ya sala ya alfajiri tulirudi kisimani tukachuma jani jingine la shina lile lile. Ukali wake ulikuwa wa embe bichi. Mpwa wangu alikunja uso, akatema, akaandika.

Tulipanda gari ya shamba hadi mjini, kisha nyingine kwenda Unguja Ukuu. Anayekaa dirishani katika njia hii, akishapita Tunguu, huona nchi ikibadilika mbele yake. Udongo unapungua kina, minazi inakuwa michache, na mawe ya matumbawe yanachomoza ardhini kama meno. Wakulima wetu wana majina ya ardhi hizi, na majina hayo yana elimu ndani yake: uwanda ni pale penye udongo haba juu ya mwamba, na maweni ni pale ambapo udongo umebaki ndani ya mashimo ya mawe tu, kiasi cha kujaza kikapu hapa na kikapu pale.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo sikuwahi kulisomesha. Kwa kawaida mahali panaitwa jangwa ikiwa mvua yake kwa mwaka haifiki milimita 250, na kisiwa hiki hupata zaidi ya milimita 1000. Kwa hesabu hiyo hatuna jangwa hata kwa mbali. Lakini mwamba wa matumbawe umejaa matundu kama chekeche. Mvua ya masika ikishanyesha hupenya na kushuka chini mara moja, na ndiyo sababu nusu ya mashariki ya Unguja haina mto. Mti uliosimama maweni, wiki chache baada ya mvua ya mwisho, una kiu ile ile ya mti wa Kalahari, ijapokuwa mawingu yaliyoupita juu yake yalikuwa mengi mara kadhaa kuliko ya kule. Ukame wa kwetu unatokana na ardhi isiyoshika maji, na kipimo cha mvua cha idara ya hali ya hewa hakiwezi kuuonyesha.

Mwezi ulikuwa mpevu jana, na leo ni bamvua, kwa hiyo tulivuka kwenda kisiwa cha Uzi wakati maji yametoka kabisa, kwa njia ile ya mawe na tope inayopita katikati ya mikoko. Katikati ya njia niligundua kwamba kizibo cha dumu letu kilikuwa kimelegea na maji yote yamenilowesha mgongo. Jua lilikuwa la saa tano. Tulipofika kijijini kichwa kilikuwa kinanigonga, na nilikaa barazani kwa watu kama mgonjwa, nikifikiri, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, juu ya jasho. Binadamu anayetembea juani anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, maana sisi hujipoza kwa kumwaga maji. Ngamia hafanyi hivyo ila anapolazimika. Mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen, aliyewapima ngamia katika oasisi ya Béni Abbès huko Algeria mwaka 1953 na 1954, aliona kwamba ngamia aliyenyimwa maji huachia mwili wake upate joto hadi kupita nyuzi 40 mchana, kisha huupoza usiku mpaka kufikia nyuzi 34, na kwa njia hiyo huepuka kutoa jasho kwa sehemu kubwa ya siku. Joto ambalo kwangu mimi lingekuwa homa ya kupelekwa hospitali, kwake ni akiba. Mama mmoja alinipa maji ya kisima, yenye ladha ya chumvi kwa mbali, nikanywa kata tatu bila ya kupumzika.

Jumatatu, Februari 13. Uzi

Leo tumeshinda mikokoni, na kwa maoni yangu hakuna mahali katika Zanzibar panapofanana na jangwa kuliko hapa, ingawa tulikuwa tumezama katika tope mpaka magotini. Maji ya chumvi huyavuta maji matamu. Mzizi wa mti wa kawaida ukitiwa baharini hukauka, kwa kuwa maji yaliyo ndani yake huvutwa yakatoka nje kama yanavyovutwa kutoka kwa samaki anayetiwa chumvi akawa ng'onda. Kwa hiyo mkoko uliozungukwa na bahari una shida moja na mti wa jangwani: maji anayaona, hawezi kuyatumia mpaka ayapiganie.

Miti ya hapa haipigani kwa namna moja. Ule mkoko wenye mizizi iliyoinama kama miguu ya kaa huzuia sehemu kubwa kabisa ya chumvi mlangoni, kwenye mizizi yenyewe, na kuruhusu maji peke yake yapite. Mchu huiacha chumvi nyingi zaidi iingie, kisha huitoa nje kwa tezi ndogo zilizoko kwenye majani. Mpwa wangu alilamba jani la mchu akacheka kwa mshangao. Tulipoligeuza juani tukaiona chumvi inametameta kama sukari ya unga. Kuitoa chumvi hiyo kunatumia nguvu ambayo ingelikwenda kwenye majani na matawi, kwa hiyo si chakula chote anachokitengeneza mti katika jua la siku kinachobaki kuwa chake.

Mzee mmoja mkata kuni wa zamani alituchukua hadi upande ambao kima punju hushuka kula. Hawa ni wanyama ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Unguja na sehemu chache za Pemba walikopelekwa na watu. Kima wa aina hii kwa desturi ni mla majani ambaye maji yake mengi huyapata ndani ya majani machanga, kwa hiyo wenzao wa msituni hawaonekani sana wakinywa. Hapa mambo ni tofauti, na watafiti waliowafuatilia kima wa mikokoni wameandika kwamba hunywa mara nyingi. Tulimwona mmoja akiinamia tundu la mti, akaingiza mkono, akautoa umelowa, akaulamba kwa utaratibu kama mtoto anayelamba asali, kisha akarudia tena na tena.

"Hawa wetu wana kiu kuliko wa Jozani," mzee alisema.

"Kwa nini, babu?" mpwa wangu aliuliza, ijapokuwa nilijua kwamba jibu analo.

"Wanakula chumvi, mjukuu wangu. Nawe kula ng'onda usinywe maji, halafu uje unambie."

Sina la kuongeza hapo isipokuwa maelezo ya figo. Chumvi iliyozidi mwilini lazima itoke, na haitoki kavu. Hutoka na maji, na mnyama ambaye figo zake haziwezi kutengeneza mkojo mzito sana hulazimika kunywa ili aisafishe. Ngamia figo zake zinaweza. Huko Kutch, Gujarat, ambako ndiko asili ya Wahindi wengi waliofanya biashara Unguja, kuna ngamia ambao huogelea katika hori za bahari wakaenda kula majani ya mikoko. Babu zetu walimwona ngamia mjini, amefungwa macho, akizunguka kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta, na sidhani kama kuna aliyewaza kumletea mkoko.

Hapo mpwa wangu aliniuliza kuhusu nundu, kama alivyoniuliza kila mwanafunzi wangu. Nundu ni mafuta, si maji. Ni kweli kwamba mafuta yakiunguzwa mwilini hutoa maji, na kila gramu moja ya mafuta hutoa zaidi kidogo ya gramu moja ya maji, lakini kuyaunguza kunahitaji pumzi, na pumzi hutoka na unyevu. Faida inayobaki haitoshi kumfanya ngamia awe pipa linalotembea. Maajabu yake yapo kwingine: huvumilia kupoteza hata robo ya uzito wake kwa kukauka, na akifika kisimani huweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa dakika kumi, na chembe zake nyekundu za damu, ambazo zina umbo la yai, huvimba bila ya kupasuka.

Jumanne, Februari 14. Jozani na Muyuni

Jozani tulipita tu. Msitu ule umekaa bondeni, maji ya ardhini yako karibu na juu, na wakati wa masika hugeuka kinamasi. Mitondoo yake haina shida tuliyoifuata. Inashangaza hata hivyo kuona jinsi mpaka ulivyo mkali: hatua mia chache kutoka kwenye kivuli cha msitu mkubwa unaingia kwenye vichaka vya uwanda ambavyo urefu wake haumzidi mtu sana, majani yake ni madogo, magumu, yanang'aa kwa nta. Nta huzuia maji yasipenye kwenye ngozi ya jani, na jani dogo halishiki joto kama jani pana.

Muyuni tulikaa kwa mtu ambaye ujanani alikuwa akienda na wenziwe kuwinda paa kwa mbwa na nyavu, kazi ambayo ameiacha. Nilimtaka atueleze kuhusu paa nunga, yule mwekundu mwenye mkanda mweupe matakoni, ambaye hupatikana hapa na katika misitu michache ya pwani ya Kenya basi. Alisema kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtegea paa kwenye maji, kwa sababu paa hana njia ya kwenda majini. Humtafuta chini ya miti yenye maua na matunda, na hasa pale kima wanapokula juu, maana kima ni waharibifu na huangusha chakula kingi. Majani mabichi, maua na matunda ndiyo kisima chake.

Maneno yake yalinikumbusha mifupa iliyochimbuliwa katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Wataalamu wa mambo ya kale wamekuta humo mifupa ya pundamilia, nyati na kuro, wanyama ambao leo hawapo kabisa kisiwani, na ambao waliishi hapa tangu zama ambazo Unguja ilikuwa imeungana na bara. Pundamilia, nyati na kuro wote ni wanyama wa kunywa, wasiokaa mbali na maji. Waliobaki ni paa na paa nunga, ambao hukinywa chakula chao. Huenda sababu za kutoweka kwa wale wakubwa ni nyingi, kuanzia bahari iliyopunguza malisho hadi mishale ya wawindaji, na mimi si mtaalamu wa mifupa. Ila nikikaa juu ya jiwe la Muyuni katika kaskazi kama hii, siwezi kuacha kufikiri kwamba kiu nayo ilikuwa na sehemu yake.

Usiku, mke wa mwenyeji wetu alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, akawatupa fukusi nje mmoja mmoja. Mpwa wangu aliomba apewe watatu. Fukusi huzaliwa ndani ya punje kavu, hukulia humo, na maisha yake yote huweza kupita bila ya kuliona tone la maji. Sehemu kubwa ya unyevu wake huupata kwa kuiunguza wanga ya punje mwilini mwake. Katika majangwa ya Marekani yuko panya mwenye miguu mirefu ya kuruka ambaye huishi kwa namna hiyo hiyo, anakula mbegu kavu na hanywi kamwe. Hujificha shimoni mchana, mkojo wake ni mzito mno, na pua yake baridi huyarudisha maji ya pumzi kabla hayajatoka nje. Fukusi wa mchele wetu hajawahi kusifiwa hivyo. Bibi alisema kwamba akitaka kusifiwa ahame ghalani mwake kwanza.

Jumatano, Februari 15. Makunduchi

Siku hii ilikuwa nzito kuliko zote, na daftari limejaa pande mbili.

Tulianza na mbuyu ulioko nje ya kijiji, ambao watu watano hawauzungushi kwa mikono. Mpwa wangu aliukwangua kidogo kwa ukucha, na chini ya gome la kijivu kukatokea rangi ya kijani, kwa kuwa mbuyu huweza kutengeneza chakula kwa gome lake hata pale unapokuwa hauna jani. Ikifika kipupwe utapukutisha majani yote na kusimama uchi, na hiyo ndiyo njia yake ya kufunga mlango. Mti wake ndani ni laini kama sifongo iliyojaa maji. Watu wengi, na mimi nikiwamo, tulifundishwa kwamba mbuyu huyanywa maji hayo kila siku ya kiangazi, lakini waliopima wameona kwamba mti huyabania sana na kuyatumia hasa kwa kuchipua majani mapya kabla mvua haijafika, ili mvua ikishuka iyakute majani tayari. Huko Kordofan, Sudan, watu walikuwa wakichimba vigogo vya mibuyu iliyo hai wakaifanya mabirika ya kuwekea maji ya mvua. Malipo ya mbuyu ni kukosa ugumu: hakuna fundi wa Unguja atakayepasua mbao ya mbuyu akafanyia mlango.

Kisha tulishuka pangoni. Ngazi zake ni za mawe, zimelainishwa na nyayo, na hewa hubadilika baada ya hatua kumi, ikawa ya ubaridi wa chumba cha mtungi. Chini kuna maji meupe, matulivu, yaliyoshuka kupitia mwamba na kukaa juu ya maji ya chumvi yanayoingia kutoka baharini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Ukiyateka kwa pupa, chumvi hupanda, na wanawake waliokuwa wakiteka hapa walilijua hilo kabla ya mabomba kufika. Lililonishika zaidi ni mizizi. Miti iliyoko juu, ambayo nje inaonekana kuwa ya kawaida tu, imeshusha mizizi yake kwa nyufa za dari, ikaning'inia hewani kama kamba za jahazi, kisha ikaingia majini na kugawanyika kuwa nyuzi nyekundu nyembamba. Mti mmoja wa Kalahari umewahi kukutwa na mizizi kwenye kina cha mita 68, nao waliougundua walikuwa ni wachimba kisima. Hapa hatukuhitaji kuchimba, tulisimama chini ya mti na kuutazama ukinywa. Mpwa wangu aliuliza mti unalipa nini kwa kamba ndefu hivyo. Nilimwambia kwamba miaka ya mwanzo mche hutumia karibu kila ulichonacho kwa kutafuta ufa, na mche ulioangukia jiwe lisilo na ufa haupo pale wa kuulizwa.

Tuliporudi juu, kwenye bigili, yaani ukuta wa mawe, la shamba lililoachwa, tulimkuta konokono mkubwa amejibandika kwenye kivuli cha jiwe. Mdomo wa gamba lake ulikuwa umezibwa na utando mkavu mweupe, kama karatasi ya ngoma. Konokono ni mnyama wa majimaji asiye na ngozi ya kuzuia maji, na kutembea kwake ni kumwaga maji njiani. Kwa hiyo mvua inapokatika hujivuta ndani, hutoa ute, ute hukauka ukawa kifuniko, na moyo wake hupunguza mapigo mpaka anakaribia kuwa jiwe. Kuna hadithi ya kweli ya konokono wa jangwa la Misri aliyebandikwa kwa gundi kwenye kibao katika jumba la makumbusho la Uingereza mwezi Machi 1846, kwa kudhaniwa kuwa ni gamba tupu. Mwezi Machi 1850 mtu aliona karatasi iliyomzunguka imechafuka, wakamtia katika maji ya uvuguvugu, naye akatoka akatembea.

Mpwa wangu alimchukua wa kwetu, akamfunga katika kitambaa. Nilimruhusu kwa sharti kwamba arudishwe.

Jioni, tukisubiri gari, mjusi kafiri alitushushia kinyesi chake juu ya daftari kutoka darini. Nilimwonyesha mpwa wangu ile ncha nyeupe na kumwambia ashukuru, kwa kuwa ndiyo mkojo wenyewe: mijusi na ndege hutoa uchafu wa damu kama chokaa nzito badala ya kuuyeyusha kwa maji mengi kama sisi. Aliupangusa, lakini aliuandika.

Alhamisi, Februari 16. Jambiani

Tulilala kwa dada yangu wa kwa mama mdogo. Kabla ya kulala, mpwa wangu alimweka konokono kwenye bakuli, akamnyunyizia maji na kumfunika kwa kitambaa kibichi, huku dada yangu akituuliza kama mjini tumekosa mboga.

Alfajiri tulikuwa pwani. Mivinje ilikuwa inavuma, na tuliokota vijiti vyake vya kijani ambavyo watu huviita majani. Majani yenyewe ni magamba madogo mno kwenye viungo, na vitundu vya kupumulia vimejificha ndani ya mifereji ya vijiti hivyo, ambamo upepo wa bahari haufiki. Chini yake kulikuwa na nazi iliyoota. Mnazi humpa mwanawe maji ya safari, na kumbi la kuyalinda, ndipo akaweza kuanza maisha juu ya mchanga unaounguza. Gharama yake ni kwamba mti hauzai mbegu maelfu. Huzaa chache nzito, na nyingi kati ya hizo tunazinywa sisi zikiwa madafu.

Kaa weupe wa mchanga walikuwa wakikimbia hadi kwenye mstari wa maji na kurudi. Kaa huyu hupumua kwa matamvua ambayo lazima yawe na unyevu, lakini haishi baharini, na akizamishwa kwa muda mrefu hufa. Ana vinyweleo vidogo karibu na mashina ya miguu, na akiukalia mchanga wenye unyevu, maji hupanda kwa vinyweleo hivyo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Tulimtazama mmoja akichutama, ametulia kabisa, kwa dakika nzima.

Nikamweleza mpwa wangu kuhusu mdudu wa Namibia, ambaye nilimweka akiba kwa ajili ya asubuhi hii. Jangwa la Namib liko kando ya bahari kama sisi, mvua yake ni haba mno, lakini ukungu wa bahari hulifikia. Mdudu huyo mweusi hupanda mpaka kwenye ukingo wa juu wa kilima cha mchanga katika baridi ya usiku, huugeukia upepo, huinamisha kichwa na kuinua makalio, na ukungu hushika mgongoni mwake, ukawa matone, matone yakateremka hadi mdomoni. Watafiti William Hamilton na Mary Seely waliliandika jambo hili mwaka 1976, na waliowapima kabla na baada ya ukungu walikuta uzito wao umeongezeka kwa wastani wa asilimia 12. Malipo yake ni baridi, maana wadudu hawa kwa kawaida ni wa mchana na mchanga wenye joto, na asubuhi ya ukungu huwakuta wazito, hawawezi kukimbia adui.

"Kama mtu anayekwenda kisimani usiku," alisema mpwa wangu.

Tuliporudi, bakuli lilikuwa tupu. Kifuniko cheupe kilibaki juu ya kitambaa, kimepasuka vipande viwili, na kutoka hapo njia ya ute ilishuka mezani, ikapita juu ya daftari, ikavuka sakafu ya saruji hadi kwenye kona ya mtungi. Konokono alikuwa kwenye shingo la mtungi, pembe zake zimetoka zote nne. Dada yangu alikuwa amesimama na kata mkononi, akisema kwamba hatateka maji mpaka mgeni huyo aondolewe. Mpwa wangu alibandika vile vipande viwili katika daftari, kwenye safu ya tatu, na tukamrudisha mwenyewe Makunduchi kwa gari ya saa nne, ndani ya kitambaa kibichi, juu ya mapaja yangu.